Mark 4 Iliyonunuliwa kwa Hela ya Pamba

Msasa umeua bunduki nyingi za zamani kuliko kutu. Kutu inakula polepole, na ukiiwahi inaacha chuma kikiwa na makovu tu. Mtu mwenye msasa na kopo la vanishi humaliza kazi mchana mmoja: namba zimefutika, mihuri ya kiwandani imepotea, kona za mbao zimelainishwa, na kitu kilichopita mikononi mwa watu kwa miaka themanini kinabaki kinang'aa huku hakina tena cha kueleza. Nimeonyeshwa bunduki za namna hiyo na wenyewe wakiwa na fahari kabisa, na kila mara roho imeniuma.

Ya kwetu ilikuwa imeshaingia njia hiyo. Ni ile ambayo watu wa huku wanaiita Mark 4. Jina lake la kijeshi ni Lee-Enfield Namba 4, bunduki ya bolti (kile kipande cha chuma kinachovutwa kwa mkono kuingiza na kutoa risasi) ya jeshi la Uingereza, magazini ya risasi kumi, risasi ya .303. Babu aliinunua mjini Mwanza miaka ile pamba ilipokuwa pamba kweli. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa vilikuwa vimeungana kuwa shirikisho moja la Victoria, Paul Bomani akiwa mbele yao, na mkulima wa Magu aliyepima marobota yake vizuri aliweza kujenga nyumba ya bati, kusomesha, na kama ana mifugo mingi na fisi wanamsumbua, kuomba kibali cha bunduki. Babu alifanya yote matatu. Bati lilishabadilishwa. Waliosoma wamestaafu. Bunduki ipo.

Alipofariki ilikwenda polisi, kama inavyotakiwa, ikakaa huko hadi baba mkubwa alipopata leseni kwa jina lake. Ni wakati wa baba mkubwa ndipo seremala mmoja alipoipaka vanishi ya samani, nyekundu, nzito, hadi ikafunika tundu za skrubu. Kwa nia njema. Kisha ikawekwa kwenye mfuko wa ngozi na kusimamishwa nyuma ya mlango wa chumba, na hapo ndipo kutu ilipopata nafasi yake. Ngozi hunyonya unyevu na kuubana kwenye chuma, na chumvi zilizotumika kuitengeneza zinasaidia kazi. Mtu anayekaa kando ya ziwa hili anajua hewa ya masika ikoje. Mfuko wa ngozi ni wa kubebea safarini, si wa kuhifadhia.

Mimi ni fundi wa injini za boti, karakana yangu iko Kirumba. Baba mkubwa alipoamua kuwa umri wake haumruhusu tena kumiliki silaha, niliomba mimi. Nilipita serikali ya mtaa, nikaenda polisi, nikasubiri kamati ya ulinzi na usalama ikae, nikahojiwa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mchezo, na sioni kwa nini iwe na mchezo. Wapo wanaolalamika kwamba njia ni ndefu. Kitu kinachoweza kumuua mtu aliye ng'ambo ya bonde kinastahili njia ndefu.

Leseni ilipotoka, niliweka sharti moja kichwani: bunduki irudi kuwa salama ya kupigwa, na kila alama iliyoletwa na kiwanda, jeshi na babu ibaki pale ilipo. Kwa hiyo kabla ya kugusa mbao wala kutu, ilibidi nijue kama chuma chenyewe bado ni kizima. Hapo ujuzi wa injini haunitoshi. Nilimtafuta mzee mmoja aliyekuwa fundi silaha jeshini, ambaye sasa ana leseni ya kutengeneza silaha za raia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Toa bolti kwanza, halafu ndiyo tuongee."

Hakuipokea kabla bolti haijawa juu ya meza na magazini pembeni yake. Akaingiza kidole kidogo kwenye chemba, pale risasi inapokaa, akachungulia mtutu kutoka nyuma, kisha ndipo akanikaribisha kiti. Nimemwona akifanya hivyo kila mara, hata kwa bunduki aliyoitoa mwenyewe kabatini dakika tano kabla.

Tulianza kwa kusoma. Upande wa kushoto wa mwili wa bunduki alipaka mafuta ya taa, akasugua kwa kitambaa cha pamba taratibu, maandishi yakajitokeza: No 4 Mk I*, Long Branch, 1943. Long Branch kilikuwa kiwanda cha silaha cha serikali ya Kanada, pembezoni mwa Toronto. Wakati wa vita kuu ya pili kilitengeneza karibu bunduki laki tisa za aina hii. Sikuwahi kufikiri kwamba bunduki ya babu imetoka Kanada. Nyumbani tulikuwa tunasema ya Mwingereza, basi.

Kwenye mtutu, karibu na chemba, kulikuwa na mihuri mingine, midogo na ya mkono mwingine kabisa: .303, halafu 2.222, halafu tani 18.5. "Hii siyo ya jeshi," mzee akasema. Ni mihuri ya ukaguzi wa kiraia wa Uingereza. Kule, silaha ikitoka jeshini kwenda kwa mnunuzi wa kawaida, hupigwa kwanza kwa risasi yenye nguvu kupita kiasi, na ikistahimili ndipo hugongwa muhuri. Ile 2.222 ni urefu wa ganda kwa inchi. Tani 18.5 ni shinikizo kwa inchi ya mraba. Kwa hiyo safari yake ilisomeka pale pale kwenye chuma: imezaliwa Kanada, ikaingia jeshini, ikaachwa kama ziada vita ilipokwisha, ikakaguliwa Uingereza, ikapakiwa meli, ikafika kwenye duka la silaha la Mwanza, ambako mkulima wa Magu aliikuta na hela ya pamba mfukoni. Seremala wa vanishi angeendelea kidogo tu na msasa wake upande ule, historia yote hiyo ingekuwa vumbi sakafuni.

Risasi yenyewe ina umri mkubwa zaidi kwenye ziwa hili kuliko bunduki. Juni 1915 Waingereza walivuka kwa meli kutoka Kisumu wakaishambulia Bukoba, na kati ya waliotua alikuwamo Frederick Selous, mwindaji aliyekuwa na miaka 63 wakati huo. Mikononi walikuwa na Lee-Enfield za kizazi cha nyuma, zinazokula .303 hii hii. Vikosi vingi vya askari wa Kijerumani vilianza vita ile na Mauser za mwaka 1871, za milimita 11 na baruti nyeusi, ambazo kila risasi ilitoa wingu la moshi na kumwonyesha adui mahali pa kulenga. Mwaka uliofuata, Julai 1916, Mwanza ikaangukia mikononi mwa Waingereza. Jumba la Gunzert, mkuu wa wilaya wa Kijerumani, bado lipo pale juu ya mlima; ukishuka kutoka soko la Mwaloni kuelekea mjini unapita karibu na mambo hayo yote bila kuyafikiria.

Turudi mezani. Kufungua Lee-Enfield kuna mpangilio wake, na anayeukiuka anapasua mbao. Mbao ya mbele hutangulia kutoka. Nyuma kabisa, pale inapokutana na mwili wa chuma, ina vishavu viwili vinavyopokea mrudisho wote wa risasi. Mtu akiivuta kwa kuiyumbayumbisha, vishavu vinachanika, na hutaona mpasuko hadi siku bunduki itakapoanza kutawanya risasi. Mzee aliishusha kwa viganja viwili, moja kwa moja chini, milimita kwa milimita. Vanishi ilikuwa imeigandisha kwenye chuma. Ilibidi tupitishe spiriti kwenye mshono kwa brashi ndogo na kungoja.

Chini ya mbao tulikuta kile alichokuwa anakiogopa. Sehemu iliyokuwa ikionekana nje ilikuwa nzuri. Mstari ule ambako mbao inaishia na chuma kinaanza kufichika, kutu ilikuwa imetafuna vijishimo. Maji huingia pale, mbao huyashika, na miaka inapita. Anayenunua bunduki ya zamani bila kufungua mbao ananunua nusu aliyoonyeshwa. Tulipima vijishimo kwa ncha ya sindano. Vilikuwa vya juujuu, mbali na chemba, na ukuta wa mtutu ni mnene pale. Mzee akatikisa kichwa kwamba tuendelee.

Ndani ya kitako kuna tundu lenye kifuniko cha shaba. Kwenye tundu hilo askari aliweka kichupa cha mafuta na kamba ya kusafishia mtutu. Tulipokifungua, vyote vilikuwamo. Kamba ilikuwa imeoza, lakini kichupa bado kilikuwa na mafuta yaliyoganda chini. Sijui ni nani aliyekijaza mara ya mwisho. Napenda kuamini ni babu, kwa sababu ni mtu aliyepaka mafuta hata bawaba za choo.

Mtutu ulikuwa mweusi ndani. Risasi za zamani za jeshi zilikuwa na fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) zenye chumvi ambayo, ikishaungua, inabaki mtutuni na kuvuta maji kutoka hewani. Mafuta peke yake hayaiondoi. Inaondolewa na maji, kwa sababu chumvi huyeyuka kwenye maji. Ndiyo maana askari wa zamani walimwaga maji ya moto mtutuni kabla ya kupaka mafuta. Tulifanya hivyo hivyo: birika la maji yanayochemka, faneli, mtutu ukiwa wima, kisha vitambaa vikavu hadi chuma chenye joto kikajikausha chenyewe. Baadaye brashi ya shaba na dawa ya kuyeyusha mabaki ya shaba, kutoka nyuma kwenda mbele, kamwe si kutoka mdomoni. Mdomo wa mtutu ndio sehemu ya mwisho kuigusa risasi. Kamba iliyosuguliwa pale kwa uzembe kwa miaka hula upande mmoja, na upande ulioliwa unaisukuma risasi pembeni. Wetu ulikuwa umeliwa kidogo sana.

Vitambaa vilipoanza kutoka vyeupe, nilichungulia nikaona kitu kilichonishtua: mifereji miwili tu, ile inayochongwa ndani ya mtutu ili kuizungusha risasi. Mitutu ya Enfield niliyokuwa nimesoma habari zake ina mifereji mitano inayozunguka kushoto, duru moja kwa kila inchi kumi. Nikadhani mitatu imeliwa. Mzee akachukua taa, akatazama, akasema ni mizima. Wakati wa vita Kanada na Marekani zilitengeneza mitutu ya mifereji miwili ili kuokoa muda wa mashine, na majaribio yakaonyesha kwamba inapiga vizuri vya kutosha. Nilifurahi kuliko ilivyostahili. Kuna jambo linalonigusa katika chuma kinachobeba haraka ya wakati wake bila kuwa kibovu. Ile nyota baada ya Mk I ni habari hiyo hiyo: njia ya kutolea bolti ilirahisishwa, kichwa cha bolti kikapewa pengo lililochongwa kwenye reli badala ya kitufe chenye springi. Pengo hilo ndilo udhaifu wa Mk I*. Kingo zake zikimeguka, kichwa cha bolti kinaweza kuruka nje ya reli unapovuta. Tulikagua kwa lenzi. Kingo zilikuwa kali bado.

Sasa nifike pale ninapotaka kila mwenye bunduki ya zamani asome mara mbili.

Ganda la .303 lina ukingo kwenye kitako chake. Bunduki ikifungwa, ukingo huo hukaa kati ya uso wa bolti na uso wa mtutu. Nafasi hiyo lazima iwe ya kiasi. Ikibana mno, bolti haitafunga. Ikizidi, risasi inapolipuka ganda linakuwa limeshikwa mbele na kuta za chemba, huku kitako chake kikisukumwa nyuma kutafuta pa kuegemea. Shaba inavutika. Ikivutika kupita uwezo wake inakatika, na gesi ya moto inarudi kwenye jicho la mpigaji. Bunduki inaweza kuwa na mtutu mzuri, mbao nzuri, triga tamu, na bado ikawa na kasoro hiyo, kwa sababu haionekani kwa macho. Inapimwa.

Mzee ana geji za chuma kigumu, visahani viwili vidogo anavyovitunza ndani ya kitambaa chenye mafuta. Kimoja ni inchi 0.064, na bolti lazima ifunge juu yake. Kingine ni 0.074, na bolti haitakiwi kufunga. Alitoa pini na springi ya kugongea ili asidanganywe na uzito wake, akaingiza kile chembamba. Bolti ikafunga. Akaingiza kile kinene, akasukuma kwa kidole kimoja tu. Bolti ikafunga pia, bila ubishi.

Nilinyamaza. Hiyo ndiyo bunduki iliyokuwa nyuma ya mlango wa baba mkubwa miaka yote, ikiwa na leseni halali na risasi tano kwenye droo.

Lee-Enfield Namba 4 ilifikiriwa kwa ajili ya hili. Kichwa cha bolti hakikuunganishwa na bolti moja kwa moja. Kimekazwa kwa uzi kama skrubu, na vilitengenezwa vya namba 0, 1, 2 na 3, kila namba ikiwa ndefu kidogo kuliko iliyotangulia. Chuma kikichoka, fundi wa kikosi alibadilisha kichwa na bunduki ikarudi kazini bila kurudishwa kiwandani. Chetu kilikuwa namba 1. Mzee akatoa namba 2 kwenye akiba ya karakana yake, akaandika kwenye daftari lake la kazi, akakaza, akapima. Bado ilifunga kwenye 0.074, ingawa sasa kwa kusitasita. Akatoa namba 3. Ile nene ikagoma katikati ya mzunguko, ile nyembamba ikapita laini. Akarudia kupima, akanipa nami nipime, akahakikisha kwamba masikio mawili yanayofunga bolti yanashika chuma kwa usawa yote mawili. Namba ya bolti na namba ya mwili zinafanana, kwa hiyo masikio hayo yameishi pale tangu kiwandani.

"Baada ya namba tatu hakuna namba nyingine," akasema. "Ikifika siku ikazidi tena, mwanangu, hii itakuwa ya kutazama tu."

Nililiandika hilo kwenye karatasi inayokaa pamoja na leseni, ili atakayeipata baada yangu ajue.

Mbao zilichukua muda mrefu kuliko chuma, ila hazina mengi ya kusimulia. Vanishi tuliitoa kwa kemikali ya kuyeyusha rangi na vitambaa, bila msasa hata kipande. Mabonde yaliyotokana na kugongwa tuliyainua kwa mvuke: kitambaa chenye maji juu ya bonde, pasi ya mkaa juu ya kitambaa, nyuzi za mbao zinavimba na kurudi juu. Siyo yote. Kuna mkwaruzo mrefu upande wa kulia wa kitako ambao shangazi anasema ulitokea bunduki ilipoanguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na huo niliuacha. Kishavu kimoja cha nyuma kilikuwa na ufa mwembamba. Tuliuziba kwa gundi ngumu na kigingi cha mninga, mbao ambayo ikishakauka haisinyai ovyo wala kujipinda, na mafundi samani wa huku wanaijua kwa sifa hiyo. Kisha mafuta ya kitani, kidogo kidogo kwa kiganja, siku moja kupaka na siku kadhaa kungoja. Baada ya wiki chache mbao ikawa na rangi ya ndani badala ya rangi ya juu.

Kurudisha mbao ya mbele ni kazi ya kusikiliza kwa vidole. Kwenye Namba 4, ncha ya mbao inatakiwa iusukume mtutu juu kwa uzito wa kilo moja hadi tatu hivi. Ukiubinya mtutu chini kwa kidole gumba unapaswa kuhisi unaachana na mbao kisha unarudi. Mzee alifungua na kufunga mara nyingi, akiweka masizi ya kibatari kwenye chuma ili aone mbao inagusa wapi, akikwangua unga wa mbao kwa kisu. Kwa haya ndipo nilipojua kwa nini watu wanasema Enfield fulani ina shabaha na nyingine haina, wakati zote zimetoka kiwanda kimoja.

Kutu nyekundu ya vipande vidogo tuliishughulikia kwa njia ambayo sasa naitumia hata kwa vifaa vyangu vya boti. Ukichemsha chuma chenye kutu nyembamba kwenye maji safi, ile kutu nyekundu inageuka kuwa nyeusi, aina nyingine ya oksidi ya chuma, iliyoshikamana na isiyoendelea kula. Maji ya bomba yana madini yanayoacha madoa, kwa hiyo tulikinga ya mvua kutoka kwenye bati. Sufuria pana, jiko la mkaa, nusu saa ya kuchemka, kisha brashi laini kuondoa unga mweusi, mafuta kikiwa bado cha moto. Hakuna kilichokwanguliwa. Herufi ndogo za wakaguzi wa Kanada kwenye pete ya mbele zilitoka zikisomeka kuliko zilivyoingia.

Zile risasi tano za droo nilizikabidhi polisi. Kwenye vitako vyake kulikuwa na VII, yaani muundo wa Mark 7 wa jeshi, na miaka ya vita. Ndani ya risasi kama hizo baruti ni vijiti virefu vya kodaiti, na baada ya muda wote huo hujui kama italipuka, itachelewa, au itakaa kimya. Ile inayochelewa ndiyo mbaya: unafyatua, kimya, unafungua bolti kutazama, inalipuka mkononi. Kwa majaribio nilinunua risasi mpya kwenye duka lenye leseni, za kiwanda, zenye fataki zisizoleta kutu.

Tulipata ruhusa ya kutumia uwanja wa shabaha nje ya mji, asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaanza. Askari msimamizi alikagua leseni, namba ya bunduki, idadi ya risasi, akauliza nani atapiga kwanza.

"Afande, kwanza haipigwi na mtu," mzee akajibu. "Inapiga tairi."

Tulilaza tairi kuukuu la lori mbele ya tuta, tukafunga bunduki juu yake kwa mikanda ya mpira, mdomo ukitazama udongo. Risasi moja tu kwenye chemba. Kamba ndefu kutoka kwenye triga hadi nyuma ya ukuta wa udongo, ambako tulijikunyata sote watatu, askari akiwa na bendera nyekundu mkononi. Mzee akanipa mimi kamba. Nilivuta, triga ikapita hatua yake ya kwanza, nikahisi ukuta wa hatua ya pili kupitia kamba, nikavuta tena. Mlio wa .303 ni mzito, unakwenda hadi kwenye mawe na kurudi.

Tulingoja dakika nzima. Ganda lilipotoka, mzee hakuitazama bunduki tena. Macho yote kwenye ganda. Fataki ilikuwa imegongwa katikati, kingo zake zikiwa bado duara, hazikulazwa na shinikizo. Hakuna mpasuko shingoni. Juu ya ukingo kulikuwa na uvimbe mdogo, ambao kwa chemba za kijeshi za Enfield ni wa kawaida, kwa kuwa zilichongwa pana ili zimeze hata risasi yenye matope. Kisha akachukua waya uliokunjwa ncha, akaupitisha ndani ya ganda akikwangua ukuta kuanzia chini. Ganda linalotaka kukatika lina bonde ndani, karibu na kitako, na waya utanasa hapo. Wake uliteleza hadi juu. Akanipa nijaribu. Uliteleza.

Tairi lilipiga nyingine, kwa kuthibitisha, na maganda yake yakakaguliwa vivyo hivyo. Ndipo aliponiambia nilale chini.

Shabaha ilikuwa mita mia. Saiti ya nyuma (kifaa cha kulengea) ya aina rahisi ina matundu mawili, la yadi 300 na la yadi 600, na kwa tundu la 300 nilijua nitapiga juu, kiasi cha sentimita kumi na tano. Nililenga ukingo wa chini wa duara. Bolti ya Enfield hukazwa wakati wa kuifunga, siyo wakati wa kuifungua, na mkono unazoea upesi sana ule mzunguko mfupi: juu, nyuma, mbele, chini. Mateke yake ni msukumo wa bega zaidi ya pigo, kwa kuwa ni kilo nne na ushei za chuma na mbao. Ilinijia kwamba bega la babu lilipokea kitu hiki hiki, na koo ilinikauka kidogo.

Tulipokwenda kutazama, matundu yote yangefunikwa na sahani ya chai, juu na kulia. Kwa mtutu wa 1943 wenye mdomo ulioliwa kidogo, mzee alisema hana la kudai. Kulia kulirekebishwa palepale kwa kuisogeza saiti ya mbele kwenye mfereji wake kwa kifaa cha skrubu, bila nyundo. Duru iliyofuata ilikuja katikati, ila bado juu kuliko hesabu. Saiti za mbele za bunduki hii zilitengenezwa za urefu tofauti tofauti, na iliyopo ni fupi kwa mtutu huu. Inabidi ije ndefu zaidi ili risasi ishuke. Mzee ameandika barua kwa wakala kuulizia, kwa utaratibu wa leseni yake.

Kwa sasa inakaa kwenye kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa boliti, bila mfuko, na pakiti za kunyonya unyevu chini. Bolti ina kabati lake. Kila mvua zinapoanza naitoa, napitisha kitambaa cha mafuta chini ya mbao pale kwenye mstari ule ule wa kutu, na geji ya 0.074 naiazima kwa mzee kabla ya risasi yoyote mpya kuingia. Saiti ikifika nitaandika tena, nikiwa na picha za shabaha za kabla na baada.